Tumwombee Mke Aliye Mombasa

Watu wa mtaa wa Tassia, Nairobi, si wambeya. Wao hujua tu. Maghorofa yao yamebanana kiasi kwamba ukikaanga kitunguu, jirani wa jengo la pili anajua kama kimeungua, na si kosa lake kuwa na pua. Na katika mambo wanayoyajua bila kuambiwa, hili ndilo la kwanza: mume na mke wa ndoa husafiri pamoja kwa sababu tatu tu, matanga, harusi ya mtu mwingine, na kumpeleka mtoto shule ya bweni. Mwanamume anayefika Ijumaa mchana na mwanamke wa makamo, begi moja, bila mtoto, bila gunia la mahindi, bila maiti ya kuzika, akakodi nyumba ya siku mbili, huyo haulizwi kitu. Anapewa ufunguo na kuonyeshwa swichi ya maji moto.

Basi Muoki na Ndinda waliposhuka kutoka Mombasa wakaburuta begi lao hadi kwenye geti la jengo lile la rangi ya maziwa, walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kabla hata ya kusema hodi.

Ubaya ni kwamba walikuwa mume na mke. Ndoa ya kanisani, miaka ishirini na sita, cheti kimelazwa kabatini Changamwe chini ya shuka za wageni. Wazo la kutoka wawili tu lilikuwa la Ndinda, na mji aliuchagua yeye. Muoki alikuwa akiijua Nairobi kwa taarifa ya habari peke yake. Ndinda aliwahi kufika mara moja, kwa mazishi, akaona kaburi na sahani ya pilau, akarudi.

Sababu ya kuja alikuwa hajaitoa kwa mtu. Kampuni ya kutoa mizigo bandarini alikokuwa karani ilitaka kumhamishia Embakasi, kwenye bandari kavu ya Nairobi, kwa miaka miwili, na jibu lilitakiwa Jumatatu asubuhi. Muoki hakuwa ameambiwa. Si kwamba Ndinda alimwogopa. Alijua tu atakachosema. Atasema, "Sawa," kisha atauliza kama kuna chai.

Muoki alikuwa mchonga vinyago, na maneno yake yote yaliishia karakana. Siku moja Ndinda alimpelekea chakula, akamkuta anamwambia kifaru wa mpingo, "Tulia basi, nikutoe sikio," kwa sauti ya upole ambayo yeye mkewe hakuwa ameisikia tangu Mbeti, kifungua mimba wao, azaliwe. Ndinda aliweka sahani chini akarudi nyumbani akilia kwa sababu ya kifaru. Kwa hiyo alijiwekea mpango. Atamchukua huyu mwanamume siku mbili, ampeleke mahali pasipo na mti wala patasi wala rafiki. Akiongea naye kama mtu anavyoongea na mtu, Ndinda ataikataa kazi na kubaki nyumbani kwake. Akinyamaza hata huko, atakuja Embakasi peke yake, na Mungu atajua la kufanya na yule kifaru.

Getini walimkuta Kiema, mwangalizi wa jengo, au keateka kama wote wanavyomwita, kijana wa Kitui mwenye funguo kiunoni za kutosha kufungua jela. Ndinda alichukua ufunguo wa kwao akapanda hadi ghorofa ya tatu, akamwacha Muoki chini aandikishe. Kupitia dirishani aliwaona wakizungumza. Kiema alicheka, akampiga Muoki bega. Muoki naye alicheka, na Ndinda akashangaa kidogo, maana mumewe si mtu wa kupigwa bega.

Muoki akapanda, akasimama mlangoni, akatazama makochi mekundu na mapazia ya dhahabu. Kisha akasema, "Ndinda, umechoka?"

Ndinda aligeuka kuangalia nyuma yake. Nyumbani aliitwa Mama Mbeti, na hiyo ni siku nzuri. Siku nyingi Muoki alianza tu kusema, na Ndinda akajua ni yeye anayeambiwa kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine. Alijibu kwamba hajachoka sana. Muoki akachukua begi kutoka mkononi mwake, akaliweka chumbani, akarudi akauliza kama angependa kutembea.

Jioni hiyo walikwenda hadi mtaa wa Pipeline wakinunua mahindi ya kuchoma. Muoki alimshika mkono kuvuka barabara, na walipofika ng'ambo hakuuachia. Alizungumza njia nzima. Alimweleza jinsi alivyofukuzwa shule ya msingi kwa kumchonga mwalimu mkuu kwenye dawati, na pua akaikuza. Alimweleza kuhusu baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulisema hata siku ya kumzika. Ndinda alitafuna mahindi polepole ili yasiishe. Alifurahi mpaka akaogopa.

Asubuhi ya Jumamosi walishuka soko la Muthurwa. Katikati ya marundo ya mitumba Muoki alipiga magoti, akafukua nguo moja baada ya nyingine, akatoa gauni la kijani. Mwenye rundo akamsukumizia lingine la maua, Muoki akalirudisha na kusema huyu mrembo wake havai pazia. Wanawake waliokuwa wakichagua karibu walicheka. Ndinda alikuwa na miaka hamsini na moja, na vidole vya miguu vilivyopinda kwa viatu vya ofisi, na alikuwa mrembo wa mtu mbele ya soko zima. Alivaa gauni lile papo hapo, juu ya sketi. Muoki alijinunulia miwani ya jua akawa kama polisi aliyestaafu.

Wakati wa kurudi, Ndinda alikuwa ameanza kuitunga barua kichwani. Kwa heshima kubwa, nashukuru kwa nafasi niliyopewa, lakini kwa sababu za kifamilia. Alilipenda hilo neno la familia, akalirudia mara mbili. Jambo moja tu lilimkwaruza: walipopita getini, Muoki alinyoosha mgongo, akamwekea mkono kiunoni, na kumtupia Kiema jicho. Alijisemea ni raha ya mji, akapita.

Muoki alitangulia juu kunyoa ndevu. Ndinda akaingia duka la chini kununua maziwa.

Mwenye duka alikuwa Fartun, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyezaliwa Garissa na kuzeeka Tassia. Alimpa maziwa, akamtazama gauni, akainama juu ya kaunta.

"Dada, mimi si mtu wa maneno mingi," alisema, na mtu akianza hivyo ujue unaweza kukaa. "Lakini wewe ni mkubwa kama mimi, nakuonea huruma. Hawa wazee wa wikendi nawajua. Leo ni mrembo wangu, Jumatatu simu imezimwa. Mwambie akufungulie biashara, hata kama ni ya mboga. Gauni haisaidii."

Ndinda aliuliza ni mzee gani.

"Si ni huyu wako. Kiema alituambia jana. Bibi yake ako Mombasa, miguu inamuuma, hawezi kupanda ngazi. Yeye akaona atoke kidogo na mpango wa kando."

Ndinda alisimama na maziwa yake. Miguu hiyo iliyosemekana kuuma ilikuwa imepanda ghorofa tatu mara tano tangu jana. Alishukuru, akatoka, akaanza kupanda mara ya sita, na katika kila ngazi kitu kimoja kilimfungukia. Ule mkono uliovushwa barabara. Mwalimu mkuu na pua yake. Jina lake kinywani mwa mumewe. Vyote hivyo Muoki alikuwa akimpa mwanamke mwingine, mwanamke wa kubuni, aliyezuliwa getini na keateka. Ndinda alikuwa ameibiwa mume, na mwizi alikuwa amevaa gauni lake jipya. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Na chini ya hasira kulikuwa na wivu, wivu wa kweli kabisa, wa kumwonea yule mwanamke ambaye ni yeye.

Juu hakupata nafasi ya kumshika mumewe mashati. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake watatu wenye vitenge na Biblia. Aliyeongoza ni Ayuma wa ghorofa ya pili, mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha jengo, mrefu, mwenye uso wa mtu aliyemaliza kufunga na kuomba asubuhi hiyo hiyo. Walikuwa wamebisha, alisema, lakini mzee alichungulia akajifungia. Wangeomba dakika chache tu.

Ndinda angeweza kuwaambia ukweli hapo mlangoni na mambo yakaisha. Lakini alikuwa na hasira na hakuona kwa nini amwokoe Muoki. Alifungua kwa ufunguo wake, akawakaribisha kwenye makochi mekundu. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa, na nyuma yake palikuwa na ukimya wa mtu anayesikiliza.

"Mama, hatujakuja kukuhukumu," alisema Ayuma, akaketi vizuri ili ahukumu. Aliuliza kama Ndinda ana watoto. Ndinda akasema wawili, wakubwa. Ayuma akauliza baba yao yuko wapi.

Ndinda aliangalia mlango wa chumba. "Yuko," alisema. "Lakini haongei."

Wanawake wote watatu walitikisa kichwa pamoja. Ndiyo hivyo, walisema. Ndiyo huanzia hapo. Mmoja alisema wake pia haongei, mwenzake akamkanyaga mguu.

Ayuma aliuliza kama amewahi hata siku moja kumfikiria yule mama aliyeachwa Mombasa. Ndinda akasema humfikiria kila siku. Jibu hilo lilimpendeza sana Ayuma. Aliwaambia wote wasimame, wafumbe macho, kwa sababu leo hawatamwombea mwenye dhambi, dhambi zinajiweza. Watamwombea aliyekosewa.

"Baba," Ayuma alianza, "tunamleta mbele zako yule mama wa Mombasa. Jina lake hatulijui, wewe unalijua. Pengine saa hii anafua nguo za huyu mzee. Mguse miguu, Baba. Lakini miguu ni kitu kidogo. Baba, huyu mama anakula na mtu mezani na bado anakula pekee yake. Analala na mtu na hakuna mwenye anamuuliza siku ilikuwaje. Amefanya kazi ya hiyo nyumba mpaka amekuwa kama kiti ya hiyo nyumba. Mwambie umemwona. Hata kama bwana yake hamuoni, mwambie wewe umemwona."

Ndinda alilia. Hakulia kwa heshima. Alilia kwa makamasi, ameshika mgongo wa kochi, kwa sababu katika miaka hamsini na moja hakuna mtu aliyewahi kumwombea yule mama, hata mama mwenyewe hakuwahi, alikuwa na watu wengine wa kuombea. Wale wanawake waliona toba imeshuka. Walimwekea mikono kichwani, mmoja akaanza pambio.

Pambio lilipoisha Ndinda alijifuta uso kwa gauni la kijani. "Baba Mbeti," aliita. "Toka."

Muoki alitoka. Alikuwa amevaa fulana, nusu ya uso imenyolewa na nusu ina povu. Aliwatazama wanawake mmoja mmoja, akamtazama Ndinda na macho yake mekundu, akatazama chini.

"Huyu ni bibi yangu," alisema.

"Wote husema hivyo," alijibu Ayuma.

Muoki alisema ni wa ndoa ya kanisa. Ayuma akauliza ni kanisa gani hilo linalofungisha ndoa za wikendi. Muoki akasema cheti kiko nyumbani kabatini. Ayuma akasema ndiyo, vyeti vyote hukaa kabatini nyumbani, pamoja na wake. Mwishowe alimgeukia Ndinda, akamuuliza kwa upole kama hayo ni kweli.

"Muulizeni yeye," alisema Ndinda. "Jana kwa geti alisema mimi ni nani?"

Muoki alisema hakusema chochote, Kiema ndiye aliyesema. Yeye alicheka tu.

"Na miguu, Kiema aliitoa wapi?"

"Miguu inakuuma. Ulisema Krismasi."

"Lilikuwa goti. Na ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi, ile uliyojaza magogo kwa sebule kwa sababu ya mvua, nikajikwaa na sufuria ya kuku. Nilikuambia goti limevimba. Ukaniambia nini?"

"Nilikuambia pole."

"Uliniambia sawa, Baba Mbeti. Mtu anakuambia goti limevimba, unamwambia sawa, unaokota kuku unaweka kwa sahani."

"Kuku alikuwa chini, ningefanya nini?"

"Ungeokota mimi kwanza."

Ayuma alifunga Biblia yake. Aliwatazama wenzake, na wenzake walikuwa wamekwisha kuelewa. "Twendeni," alisema. "Hawa ni mume na mke. Hakuna mpango wa kando anakumbuka kuku wa mwaka juzi."

Aliomba msamaha kwa kifupi, kwa sauti ya mtu aliyepoteza asubuhi nzuri. Mlangoni alisita, akauliza kuhusu yale maombi, kama sasa yatenguliwe au wafanye aje, maana yalikuwa ya mtu ambaye hayuko. Ndinda alimwambia ayaache hapo hapo. Yamefika.

Walipobaki wawili, Ndinda hakuzungushia. Alimwambia kuhusu Embakasi, miaka miwili, jibu Jumatatu. Alimwambia pia ule mpango wake wote, wa siku mbili za kumjaribu kama mtu anavyojaribu kiatu.

"Sa..." alianza Muoki, akaliuma neno katikati. Akaketi kwenye kochi lililo mbali. Povu lilikuwa limeanza kukauka shavuni.

"Kiema aliniangalia," alisema. "Akaniambia kwa kunisifu, mzae, wewe ni mbaya. Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kuniambia mimi ni mbaya. Watu huniuliza tu tembo ni bei gani. Nikasikia raha, Ndinda. Kijinga tu. Nikapanda ngazi nikiwa huyo mtu Kiema anamwona, na huyo mtu alikuwa na maneno."

"Maneno ya mwanamke mwingine."

"Yalikuwa yako. Hakukuwa na mwingine."

"Ulimpa yeye, nikayapokea mimi. Kwa nini hukunipa mimi, miaka yote hii?"

Muoki alikuna povu kwa kidole. Alionekana mzee ghafla, na Ndinda, pamoja na hasira zake, alitaka kumpanguza.

"Ukinyamaza wiki moja, unaweza kuanza tu kuongea," alisema. "Ukinyamaza miaka, ukifungua mdomo lazima kwanza uombe msamaha. Mimi hukwama hapo. Kila siku nakwama hapo, halafu nauliza chai. Na huyo wa Kiema sikuwa nimemkosea kitu. Nilianza tu."

Ndinda aliyaamini maneno hayo, na yalimuuma kuliko yote aliyoyasikia dukani. Alimpenda. Alikaa akiangalia mapazia ya dhahabu, akampenda huyu mpumbavu mwenye ndevu nusu, na wakati huo huo akaona kazi ameshaikubali.

"Jumatatu nitawaambia ndiyo," alisema.

"Kwa sababu ya Kiema?"

"Kwa sababu kumbe unaweza. Nilidhani huwezi. Miaka ishirini na sita nilijiambia huyu Mungu hakumpa maneno, sasa nitamdai nini, nitapika. Kama kweli ungekuwa huwezi, ningerudi na wewe kesho, ningekuonea huruma mpaka nife. Lakini ulikuwa nayo. Ulikuwa nayo ndani ya nyumba, na mimi nikawa na njaa."

Muoki hakubisha. Alikaa kimya, lakini haukuwa ule ukimya wa nyumbani. Midomo ilikuwa inafanya kazi. Hatimaye akauliza, akija Embakasi kumwona, Ijumaa moja moja, kama atafunguliwa.

"Utabisha," alisema Ndinda. "Halafu utasema wewe ni nani, na umekuja kwa nani. Kwa sauti. Sitaki kusikia kwa duka."

Muoki alisimama. Ndinda alifikiri anakwenda kumaliza kunyoa. Badala yake alifungua mlango mkubwa, akatoka nje kwenye ngazi na fulana yake na povu lake, akaufunga. Chini watu walikuwa wakichota maji, na milango ya ghorofa ya pili ilikuwa wazi yote, kama kawaida ya Jumamosi.

Akabisha mara tatu.

"Ni Muoki," alisema, na sauti ilimvunjika, akaikohoa, akaanza upya kwa nguvu hadi ndoo zikatulia kule chini. "Ni Muoki, mchonga vinyago wa Changamwe. Nimekuja kwa bibi yangu, Ndinda."

Ndinda alikuwa amemsikia vizuri sana. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Lakini hakukizungusha kwanza, kwa sababu alitaka kumsikia tena.